Jiwe la Kupumzikia Mizigo

Nilipokuwa mtoto wa miaka kama kumi hivi, enzi za Mjerumani, nilitunga uongo juu ya jiwe, na uongo ule umeishi kuliko watu wengi niliowapenda. Nauandika sasa nikiwa bibi mwenye vitukuu, na bado naona haya kana kwamba ni jana.

Mwaka ule alifika kwetu, upande wa juu wa mto Usa, Mjerumani mmoja mwenye ndevu nyekundu. Hakuwa askari wala hakutafuta shamba. Alikuja kutazama tu. Alikwenda kwenye maporomoko ya maji akakaa nusu siku akiyachora katika daftari lake. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Mtu mzima na akili zake ameacha kwao, amekuja kutazama maji yakianguka!

Baba alichukuliwa ili amwonyeshe njia. Mgeni alisema Kiswahili, baba hakukijua, ila mimi nilikuwa nimekiokota shuleni kwa wamisionari, basi nikawa mkalimani wao. Kichwa kilinivimba! Nilitembea katikati yao nikijiona mimi ndiye niliyewaongoza wote wawili.

Shida ni kwamba baba alikuwa mtu wa maneno machache. Tulipofika ziwa Duluti mgeni aliuliza pana hadithi gani pale. Baba akaniambia, "Mwambie lina kina kirefu." Tulipofika Arusha, mbele ya boma jeupe ambalo baba na wenzake walilazimishwa kubeba mawe yake, aligeuza uso. "Mwambie ni nyumba."

Kila alipojibu hivyo, mgeni alifunga daftari. Nilichukia kuliona likifungwa. Nilitaka maneno yangu yaandikwe humo.

Siku ya nne, tukirudi nyumbani, tulipita penye jiwe kubwa bapa kando ya njia ya sokoni. Juu yake kidogo ilikuwa nyumba ya Bibi Ndeshi, mjane asiyejaliwa mtoto. Wanawake walitua mikungu yao ya ndizi juu ya jiwe lile, wakapumzika, kisha Bibi Ndeshi akatoka kuwasaidia kujitwisha tena. Hao ndio waliokuwa jamaa zake. Alipata habari za kijiji, alipata kicheko, na mara nyingine akaachiwa ndizi mbili tatu.

"Na hili?" mgeni akauliza.

Baba akasema kwa Kimeru, "Mwambie ni jiwe la kupumzikia mizigo."

Nami nikasema kwa Kiswahili, "Bwana, hili zamani lilikuwa mwanamke. Alimnyima msafiri maji, akageuka jiwe."

Daftari likafunguka. "Kweli? Na nani analitunza?"

Bibi Ndeshi alikuwa amesimama mlangoni akitupungia mkono. Ulimi hauna mfupa. "Yule pale," nikasema. "Ni ndugu yake. Akikasirika, mvua hainyeshi."

Mgeni aliandika ukurasa mzima. Akamchora na bibi mwenyewe, naye maskini akatengeneza nguo yake begani ili aonekane vizuri. Baba alifurahi kuona kazi imependeza, hakujua nimesema nini. Lakini nyuma yetu walikuwapo wapagazi wawili wanaojua Kiswahili, na mimi katika ufundi wangu nilisahau kwamba wapagazi nao wana masikio.

Haikupita wiki, hadithi ikarudi kijijini kwa Kimeru, tena imenenepa. Na kwa bahati mbaya mvua ilichelewa. Kwanza wanawake walipita penye jiwe bila kutua. Halafu wakaanza kuzunguka kwa njia ya bondeni, mizigo ikiwaelemea. Bibi Ndeshi alitoka kila siku ya soko akasimama kando ya jiwe lake, akawaita kwa majina. Hawakuitika.

Mama ndiye aliyenigundua, maana hakuna mama asiyemjua mtoto wake anapokosa hamu ya kula. Alinibana nikasema yote. Hakunipiga. Alikwenda mpakani mwa shamba akakata jani la sale, mmea ule ambao kwetu mkosaji huubeba anapokwenda kuomba msamaha, na anayepelekewa hawezi kukataa.

"Mpelekee mwenyewe," akasema. "Mkabidhi mkononi, umwambie ulichosema. Kisha uwaambie watu. Neno la uongo juu ya mtu lisipoondolewa na aliyelisema, huota mizizi. Hata mvua hulimwagilia."

Nilikwenda mchana kweupe. Nilimwona kwa mbali, amekaa peke yake akimenya ndizi, na miguu ikagoma. Nikaliweka lile jani juu ya jiwe, nikatimua mbio. Mama aliponiuliza, nikamwambia nimempa mkononi.

Siku ya soko watu waliliona. Jani la sale juu ya jiwe! Basi kumbe yupo aliyekuja kuliomba radhi. Kesho yake yalikuwapo matatu. Mwisho wa wiki sikuweza kuyahesabu, na siku ya kumi mvua ikanyesha, kubwa, ya kuvunja migomba. Tangu hapo hakuna aliyebaki na shaka. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Kaka yake Bibi Ndeshi alikuja kumchukua, wakaenda kuishi Nduruma, huko tambarare kwenye joto na homa. Asubuhi ya kuondoka kaka alikwishatangulia na mbuzi. Mimi nilikuwa natoka mtoni. Bibi Ndeshi alikuwa amesimama penye jiwe, furushi lake liko juu ya yale majani, na hakuna mtu wa kumtwisha.

"Njoo, mwanangu," akaniita. "Nisaidie."

Nikamsaidia. Furushi lilipokaa kichwani, alinishika kidevu, akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, kama wazee wetu wanavyobariki.

"Kijiji kizima, wewe tu ndiye usiyeniogopa," akasema. "Mungu akuzeeshe. Uote mvi, uzikwe na wajukuu."

"Asante, bibi," nikasema. Basi. Sikusema jingine. Nilikuwa na nafasi, mdomo ninao, Kimeru ninakijua, na njiani hapakuwa na mtu.

Tulisikia mwaka uliofuata kwamba homa ilimmaliza. Jiwe bado lipo. Vijana wanaoongoza watalii husimama pale wakaeleza habari za mwanamke aliyegeuka jiwe. Nilimwambia mmoja wao kwamba hadithi ile niliitunga mimi. Akaniamkia kwa adabu, akasema, "Hapana, bibi, hiyo ni ya kale sana."

Watu wa kanisani hunisifu kwamba nimekula chumvi nyingi. Huniuliza siri ya umri huu, nami huwajibu ni uji wa ulezi. Ukweli ni kwamba nilibarikiwa na mwanamke niliyemfukuza kwake, kwa kuwa sikumwogopa. Ningemwogopaje, nami nilijua ni uongo?