Unga wa Kuku

Juzi niliondoka Kanyakine asubuhi bila mpango, jioni nikapata chumba Siakago. Dukani niliona pakiti ya unga wa wimbi iliyoandikwa "haina ngano". Niliigeuza nijue mashine yake husaga nini kingine. Haikusema.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, mimi na Mama tukisagiwa wimbi kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano ya jirani, harufu yake ingali hewani.

"Gorogoro ya kwanza wamwagie kuku," Mama alisema. "Ngano humuumiza Kendi wangu."

Msagaji alicheka. "Mama Kendi, kuku watanenepa kuliko watoto!"

Mimi niliona kopo zima la wimbi likipotea bure. Mama alipogeuka, niliuzoa unga ule nikaurudisha guniani.

Kesho yake tumbo la dada yangu Kendi lilivimba. Mama alienda kumgombeza msagaji, nami pia nikamkasirikia msagaji huyo kwa moyo wote.