Mlio wa Gari ya Haitham

Pale Tumbe, jamaa zangu, gari haijulikani kwa rangi yake. Inajulikana kwa mlio. Alfajiri wachuuzi wamekaa juu ya matenga yao wakingoja samaki, gari ya kwanza inateremka kuja dikoni, pwani wanakoshukia wavuvi, utasikia wanaambiana, "Huyo Abrahman," au "Huyo wa Konde," na hapana hata mmoja aliyegeuza shingo.

Mwaka ule milio yote ilikuwepo ila mmoja. Kipikapu cha Othman kilikuwa nyumbani, kimepandishwa juu ya matofali. Mashine yake ilianza kwa kuchemsha, ikaja kunywa oili kama mlevi, ikatoa moshi wa buluu, mpaka siku moja ikiwa mlimani na shehena ya samaki ikagonga ndani, ko, ko, ko, ikanyamaza moja kwa moja. Tangu hapo Othman akawa anateremka dikoni kwa baiskeli, tenga moja nyuma, yeye aliyezoea kupakia mpaka springi zikalalamika.

"Othman!" wenziwe wakimtania. "Hiyo nayo inakula oili?"

"Inakula miguu," huwajibu, na wote hucheka, naye hucheka.

Lakini wakati wa kurudi, gari za wenziwe zikimpita mlimani, alikuwa akishuka, anasimama majanini na kuzisikiliza. Mkono wake wa kushoto juu ya usukani wa baiskeli ulikuwa ukicheza peke yake. Sasa gia ya pili. Haya, tia ya tatu, unangoja nini? Gari ikishapotea, mkono unatulia, naye anaanza kusukuma.

Fundi wake akiitwa Msellem, mtu wa Konde, ana maneno machache na masikio makubwa. Aliifungua mashine ile, akaitazama, akaifunika.

"Bloku imepasuka. Kuitengeneza hii ni kumkanda maiti. Tafuta gari ya kuchinja. Na utoe mashine pamoja na giaboksi yake, vitu vilivyozoeana. Ukichukua mashine huku na giaboksi kule, umeozesha watu kwa simu. Watakutana, watagombana."

"Gari ya namna hii nitaipata wapi zama hizi?"

Msellem akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Unajua wapi," akasema.

Othman alijua. Kaskazini yote ya kisiwa ilikuwa imebaki moja, kibasi kidogo kilichofunikwa turubali chini ya banda la makuti kule Shumba Viamboni, nyumbani kwa Bi Mize. Kilikuwa cha mwanawe wa pekee, Haitham. Na Othman alikuwa utingo wake.

Hapa inafaa niwaambie kidogo. Othman hakuzaliwa na gari. Alizaliwa kwa mkulima wa muhogo, na mtu aliyemtoa shambani ni Haitham, aliyemkuta njiani na tenga kichwani akamwambia, "Panda, ushike mlango." Alishika mlango ule miaka. Kazi yake ilikuwa kupakia, kushusha, na watu wakishakaa sawa kugonga bati kwa kiganja, pa pa, maana yake twende. Kuendesha pia alifundishwa na Haitham, na mafunzo yenyewe yalikuwa neno moja: "Usiutazame mkono wa gia. Sikiliza, mashine itakwambia yenyewe inataka nini." Kisha Haitham akapata kazi Maskati. Akaenda. Mwanzo simu zilikuja, na salamu za sauti, na picha amesimama mbele ya gari za watu. Halafu zikapungua. Halafu namba ikawa haipatikani, na waliotoka huko kila mmoja akaja na habari yake, huyu kamuona mji huu, yule kasikia amehama. Mtoto wa Othman aliyezaliwa wiki ile ya safari sasa ni kijana anayetafuta wembe.

Nusaiba, mkewe Othman, alimvumilia, kisha akachoka.

"Gari ile kuku wanataga ndani. Unangoja nini kwenda kuitaka?"

"Hapana kuku. Bi Mize hawaachi wasogee."

"Basi unamuogopa Bi Mize."

"Wala."

"Haya, unaogopa nini?"

"Nikiitaka mashine ile, Nusaiba, ndo nimesema harudi. Na hapana ntu aliyelisema neno hilo mpaka leo. Nije nilianze mie?"

Nusaiba akayaacha maneno yake, akachukua ufagio akafagia ua. Lakini unga ulikuwa umekwisha nyumbani, wote wawili wanajua. Asubuhi yake Othman akapanda baiskeli.

Alimkuta Bi Mize amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Salaam aleikum, mama. Shikamoo."

"Wa aleikum salaam. Marahaba. Othman! Umeadimika kama hilali." Vidole havikusimama. "Nasikia gari yako imekufa."

"Imekufa, mama."

"Na sasa waitaka ya mwenzio."

Othman alikuwa hata hajakaa. Njia nzima alitunga maneno mazuri, yote yakamruka, akabaki na ya Msellem. "Fundi anasema nitafute gari ya kuchinja, mama, nitoe mashine..."

"Kuchinja!" Ukili ukaanguka. "Haitham kaniachia mbuzi hapa?"

"Ni neno la mafundi tu, mama."

"Mafundi wana maneno mabaya." Akauokota ukili, akasuka, akasuka. Othman alishaanza kutafuta njia ya kuaga, ndipo Bi Mize akauliza bila ya kuinua macho, "Kwani itawaka?"

"Hatujui mpaka tuisikie. Msellem hang'oi mashine asiyoisikia."

"Basi njooni muisikilize. Lakini shika neno langu, Othman. Kusikiliza si kuuza."

Wakaenda, Msellem na boksi lake la spana, Othman na betri ya kuazima juu ya karia ya baiskeli. Bi Mize akawapa chai, akarudi jikoni kukanda unga wake. Wakalivua turubali. Vioo vilikuwa vinang'ara, maana vilipanguswa kila Ijumaa. Msellem akafungua plagi, akadondosha oili ndani ya silinda, akaizungusha mashine kwa spana kidogo kidogo, kama anayemwamsha mgonjwa. Akasafisha kabureta, akatia petroli mpya. Kisha akasema, "Ingia."

Othman akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, ule wake wa utingo.

"Unakwenda wapi?" Msellem akauliza. "Usukani uko huku."

Akarudi kulia. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kwa miguu mirefu ya Haitham, na yeye ni mfupi, klachi haifikii. Hakukivuta kiti. Alisogea akakaa ukingoni. Akawasha.

Ikakohoa, ikakohoa tena. Halafu ukaja ule mluzi mwembamba aliokuwa ameusahau na hapo hapo akaukumbuka, na baada ya mluzi mashine ikashika, ikanguruma banda zima likatetema.

Kigelegele cha kwanza kilitoka nyumba ya pili. "Haitham kaja!" Alikuwa Bi Asya. "Jamani, Haitham kaja!" Kikajibiwa cha pili nyuma ya migomba. Wakatoka wanawake wanafunga kanga huku wanakimbia, akatoka mzee mmoja shambani na jembe lake mkononi, meno yote nje kwa furaha, akaja mpaka dirishani akainama achungulie. Akamuona Othman.

"Ah," akasema. "Ni weye."

Na kabla Othman hajajibu, mlango wa jikoni ukafunguka. Bi Mize alitoka mbio na unga mikononi, kanga imemshuka begani. Yeye aliyetoa ruhusa. Yeye aliyewapa chai. Akauliza, "Yuko wapi?"

Mashine tu ndiyo iliyokuwa ikisema. Bi Mize akaitazama gari, akamtazama Othman ndani yake, akaitazama mikono yake mwenyewe. Wakamwona anakumbuka.

"Zimeni," akasema.

Mkono wa Othman ukakataa. Msellem ndiye aliyepenyeza wake dirishani akazima.

Walikwenda mbali njiani, Othman akisukuma baiskeli. Kisha Msellem akasema, "Mashine nzima ile. Haina hata kigugumizi."

"Sinunui."

"Sijasema ununue. Nasema nzima."

Siku zikapita, Othman na baiskeli yake, mpaka mvua zikaanza. Ndipo akaletewa salamu kwamba Bi Mize anamwita, na aje na fundi.

Walimkuta bandani, amesimama kando ya gari, mlango umefunguliwa.

"Nimekwenda kwa Shehe Silima," akasema hata kabla ya maji ya kunywa. "Nimemuuliza habari ya mali ya ntu asiyejulikana aliko. Kanambia haigawiwi, haichezewi, huwekwa mpaka ijulikane habari yake. Lakini kama ni kitu cha kuoza, kanambia, huuzwa, ikawekwa thamani yake. Nikamwambia, Shehe, na chuma kinaoza? Kacheka. Kanambia, hilo mie sikulisoma, kamuulize Msellem."

Msellem akasogea mlangoni. Aliinama, akafunua zulia la miguuni, akabonyeza sakafu ya gari kwa kidole. Kidole kikazama, kikatokea upande wa pili.

Bi Mize akasogea, akatia chake. Akakiacha pale kitambo, ndani ya tundu. Alipokitoa kilikuwa chekundu kwa kutu.

"Vioo nimepangusa," akasema polepole. "Huku chini sikutazama."

Kisha akamgeukia Othman. "Sikuuzii kwa sababu harudi. Nakuuzia kwa sababu inaoza. Unaisikia tofauti yake?"

"Naisikia, mama."

"Chukua hiyo mashine na hilo dude lake jengine, bodi niachie. Akija, mtajuana wenyewe."

Bei hawakuvutana. Alichopewa Bi Mize alikifunga kwenye leso, akakitia kashani, akasema, "Hizi zake. Mie humo sina hata ya chumvi."

Wakasimamisha miti mitatu, wakaifunga juu pamoja, wakaning'iniza winchi ya mnyororo. Mashine na giaboksi vikatoka vimeshikana, vinadondoka oili nyeusi, na Bi Mize mlangoni anapiga kelele, "Taratibu! Taratibu, msimgonge!" Uzito ulipotoka, kibasi kikanyanyua pua, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Othman alikitazama akashindwa kujua kama kimepumua au kimekata roho.

Haya. Gari ikafungwa, ikapona. Alfajiri ya kwanza Othman aliposhuka Tumbe, wachuuzi juu ya matenga, wale wasiogeuza shingo, waligeuka wote. Wakanyoosha macho kwenye giza mpaka kipikapu kikafika taani. "Aa," mmoja akasema, "Othman huyo." Wakarudi kwenye mazungumzo yao, lakini kwa sauti ya chini.

Unga ukarudi nyumbani, na Nusaiba akarudi kwenye maneno yake. Othman akawa anapita Shumba Viamboni siku nyingi, kuchukua pweza kwa wanawake wa huko, na njia inapita mbele ya nyumba ya Bi Mize, ikiteremka kidogo. Pale juu kabla ya nyumba alikuwa akitoa gia, anazima mashine, anaiachia gari ijiteremkie. Inapita kimya, matairi tu kwenye mchanga. Akishafika mbali, penye minazi, ndipo anawasha. Aliona amefanya wema. Na tuseme kweli, mwenyewe pia alikuwa haupendi mluzi ule umpate mahali pale.

Siku moja akamkuta Bi Mize amesimama katikati ya njia, mkono juu. Akakanyaga breki.

"Gari yako mbovu, Othman?"

"Nzima, mama."

"Basi mbona ikifika hapa inakufa?"

Othman akatazama usukani. "Sitaki ushituke, mama. Siku ile..."

"Siku ile nnaijua, nilikuwepo. Wa kwa Asya wanaisikia. Wa Tumbe wanaisikia. Mie ndo unipite kwa kuninyatia, kama mwizi wa kuku?"

"Utadhani ni yeye."

"Nitadhani," akasema Bi Mize. "Kutoka pale juu mpaka kwenye minazi. Kisha nitajua ni weye, nitaendelea na kazi yangu. Mashine nimekuuzia, mwanangu. Kitambo hicho sikukuuzia."

Akampisha. Alirudi zake nyumbani, hana haraka, kampa mgongo, na alipofika barazani akasimama, kichwa kakiinamisha upande mmoja.

Othman akawasha. Ikakohoa, ikapiga mluzi, ikashika.

Mpaka leo akifika kipande kile hubaki na gia ya kwanza, mashine ikilia kwa kutaka ya pili, na Msellem humgombeza kwamba ataiua giaboksi. Kiti cha kushoto, kile cha utingo, hapakii mtu mpaka aivuke minazi. Na akiwa hapo mbele ya baraza, mkono wake wa kulia hutoka dirishani ukagonga bati la mlango, pa pa, kama utingo anavyomwambia dereva wake twende.