Ufizi wa Bibi

Muuzaji ameniwekea miswaki miwili kwenye kaunta na kuniuliza, "Laini au ngumu?" Naibonyeza kwa kidole gumba.

Kule kijijini Kaagya, nilikolelewa na Bibi, duka la ujamaa lilikuwa na chumvi na viberiti tu, hivyo mswaki wangu ulikatwa kichakani nyuma ya migomba. Bibi alikiponda kijiti kwa jiwe mpaka ncha ikawa nyuzi, akajisugulia ufizi wake usio na jino hata moja, kisha akatema mate kiganjani na kuyakagua.

"Hakuna damu, mwana wange. Chukua."

Nami, mjinga, nilikuwa nakiosha mara mbili kwa kinyaa.

"Laini au ngumu?" muuzaji anarudia. Nageuka nyuma, kana kwamba yupo wa kunijaribia.