Jumamosi za Mzee Gideon

Baba yake Dativa aliaga nyumbani, kijijini Rubafu, akisema anakwenda visiwani kuvua kwa msimu mmoja. Alirudi mara chache, kila safari akikaa muda mfupi kuliko ile iliyopita, halafu akaacha kabisa kurudi. Dativa alikuwa bado msichana mdogo habari ilipofika kwamba amefariki. Yeye na mama yake wakateremka hadi mwalo mmoja wa Muleba, wakapanda mtumbwi, wakaenda kumzika.

Walipofika walikuta msiba umekwisha kupangwa. Katikati ya wanawake alikuwa ameketi mwanamke mwingine, amefunga kitambaa cha mfiwa, na pembeni yake watoto wenye paji la uso la baba yake Dativa. Mwanamke yule alipoelezwa wageni ni akina nani alijiziba mdomo. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba mke wake wa kule Rubafu alikufa zamani, katika uzazi.

Mama yake Dativa hakugomba. Alikaa mkekani, akalia na wenzake, akarudi nyumbani kupalilia kibanja chake. Ni Dativa aliyebaki na jambo lile kooni. Kumbe mtu anaweza kukuua kwa mdomo tu, na wewe uko hai, unakata majani ya migomba.

Alipokua aliajiriwa kuwa mtunza stoo katika shule moja ya sekondari, na kazi ile ilimfaa kama iliyoshonwa kwa kipimo chake. Funguo zilikaa kiunoni mwake na hakumwamini mtu hata kwa kipande cha sabuni. Hapo shuleni ndipo alipokutana na Gideon Byarugaba, dereva wa lori la shule, Mlutheri mwenzake, mtu wa maneno machache. Alimpenda kwa uchache huo wa maneno, akidhani mtu asiyesema sana hana nafasi kubwa ya kudanganya.

Hata hivyo alimchunga. Katika ndoa yao yote hakuna shati la Gideon lililofuliwa bila kunuswa kwanza. Akichelewa kutoka Muleba na lori, Dativa alijua barabara ilipaswa kumchukua muda gani, na alitaka kuelezwa uliobaki ulikwenda wapi. Gideon alieleza. Pancha, mvua, afisa ugavi aliyesimama njiani kununua senene. Alieleza kwa upole mpaka wote wawili wakastaafu, wakahamia Nshambya kwenye nyumba yao yenye migomba nyuma na mikahawa pembeni. Binti yao Violeth alikuwa amekwisha kuolewa Mwanza.

Ndipo Jumamosi zikaanza.

Gideon alianza kuoga mchana, kuvaa suruali ya kitambaa, na kuteremka mjini. "Kikao cha wazee wa usharika," alisema. Dativa alimtazama akishuka njia mpaka akapotelea kwenye migomba ya jirani. Kikao gani cha wazee kinachomtaka mtu apake mafuta shingoni?

Hakumuuliza. Alisubiri Jumapili, baada ya ibada, akamvuta kando Agnes, karani wa usharika.

"Hivi vikao vya wazee vya Jumamosi vinawachosha sana hawa baba zetu, waitu," akamwambia kwa adabu ya Kihaya.

Agnes alikunja uso. "Vikao gani, mama? Wazee wanakutana Jumapili hapa hapa."

"Ah, basi nimechanganya," Dativa akasema, akacheka kidogo.

Tangu hapo alitazama kila kitu. Aligundua kwamba viatu vyeusi vya Gideon vimebandikwa ngozi laini chini ya soli, ngozi isiyofaa kabisa kwa tope la Nshambya. Alimsikia akihesabu chini kwa chini akinywa chai, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, kama mtu anayefundishwa shule upya. Asubuhi moja alitoka kutupa maganda akamwona katikati ya kibanja, kati ya migomba. Amesimama wima. Mkono wa kushoto ameunyoosha hewani, wa kulia ameupinda mbele ya kifua kama anayemshika mtu mgongoni. Na pale mbele yake hapakuwa na mtu. Gideon akapiga hatua moja kwenda mbele, akazunguka, macho ameyafumba, usoni ana raha ambayo Dativa hakukumbuka lini aliiona mara ya mwisho.

Dativa alirudi jikoni bila kutupa maganda. Alifikiria dawa za mganga, alifikiria wazimu wa uzee, lakini mikono ile ilikuwa imeshika kimo cha mwanamke. Kimo kirefu kuliko chake.

Jumamosi iliyofuata alimwacha atangulie, kisha akachukua bodaboda. "Yule mzee wa shati jeupe," alimwambia dereva, "usimpite, na usimwache." Gideon alikata mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, akaingia mlango mwembamba kati ya duka la mabati na duka la rangi, akapanda ngazi. Juu kulikuwa na muziki.

Dativa alipanda taratibu, mkono ukutani. Alikwisha kuandaa maneno ya kusema akifungua mlango wa chumba. Lakini ngazi haikuishia kwenye chumba cha kulala. Iliishia kwenye ukumbi mpana wa sakafu ya mbao, wenye kioo kikubwa ukuta mzima, na ndani yake watu wa rika mbalimbali wamesimama wawiliwawili. Kijana nadhifu mwenye fulana nyeusi alimjia mlangoni.

"Karibu, mama. Mimi ni Mwalimu Haruni. Hapa tunafundisha dansi za kucheza wawili, valsi, rumba, chacha. Umekuja kwa ajili ya harusi?"

"Nimekuja kuangalia kwanza," Dativa akasema.

Aliangalia. Gideon alikuwa upande wa dirishani, amemshika mwanamke mrefu wa makamo aliyevaa gauni la kijani. Walikuwa wakizunguka polepole, yule mwanamke akirudi kinyumenyume bila kutazama nyuma, kana kwamba anajua hakuna kitakachomgonga. Kimo chake kilikuwa kile cha kwenye kibanja.

"Yule mzee anacheza vizuri," Dativa akasema. "Ni nani?"

Haruni akashusha sauti. "Mzee Gideon. Ana moyo wa ajabu yule. Alifiwa na mke wake. Alipokuja hapa alikuwa hawezi hata kutuangalia usoni."

Dativa alisikia harufu ya samaki na maji ya ziwa, akamwona mwanamke wa kisiwani akijiziba mdomo.

"Alikufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza.

"Moyo, nadhani. Hapendi kulizungumza sana. Na yule anayecheza naye ni Mama Benigna, mfanyabiashara wa samaki wa Muleba. Na yeye ni mjane. Wanafarijiana."

"Nimeona," Dativa akasema. "Basi na mimi nataka kujifunza. Leo hii."

Haruni alifurahi. Akamweleza kwamba hapo hakuna kung'ang'ania mtu mmoja, muziki ukikoma kila mwanamke anasogea kwa mwanaume anayefuata. Akamweka mwisho wa mstari, kwa kijana mmoja aliyetokwa jasho viganjani. Dativa hakusikia hata neno moja la mafundisho. Aliangalia mgongo wa Gideon kwenye kioo. Muziki ukakoma, akasogea. Ukakoma tena, akasogea. Gideon alikuwa akijifuta uso kwa leso aliposikia mtu amesimama mbele yake, akainua mikono kwa mazoea kabla ya kuinua macho.

Leso ilianguka.

"Mama Violeth," alinong'ona.

"Mama Violeth amekufa," Dativa akasema kwa sauti ndogo. "Cheza."

Muziki ukaanza. Gideon alimshika kama anayeshika sufuria ya moto. Alipiga hatua mbele, Dativa hakurudi nyuma, vifua vikagongana. Alijaribu tena, Dativa akasimama palepale kama nguzo. Haruni akaja mbio akitabasamu.

"Mama, mwachie akuongoze. Usiogope, yeye ndiye anayeona njia."

"Aniambie kwanza tunakwenda wapi," Dativa akajibu, macho kwa mumewe.

Wakati wa mapumziko Gideon alijibanza karibu na dirisha kama mtu anayetafuta pa kurukia. Aliyemjia Dativa ni Benigna, na kikombe cha chai.

"Karibu sana, dada. Mwanzo ni mgumu. Na umvumilie mzee Gideon, leo sijui ana nini. Ana majonzi bado."

Dativa alimtazama kwa karibu. Alitafuta mkufu mpya, manukato, aibu yoyote machoni. Hakuona ila mwanamke mwenye mikono iliyokakamaa kwa chumvi ya samaki.

"Mimi ndiye mkewe," alisema. "Ndiye marehemu mwenyewe."

Benigna alicheka. Kisha akaona Dativa hacheki, akaketi kwenye benchi polepole, chai ikamwagika kwenye gauni.

"Usinitanie hivyo."

"Tuna binti, anaitwa Violeth, yuko Mwanza. Ana kovu gotini la kuchomwa na moto, mguu wa kulia. Na huyo baba yake ana kovu la jipu chini ya bega. Hilo sijui kama umeliona."

"Sijaona kitu, wala sikutafuta!" Benigna alisema kwa ukali, na watu wakageuka. Akashusha sauti. "Mume wangu alizama akitoka visiwani. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote jinsi nilivyomtambua walipomleta. Nilimwambia huyu. Nililia mbele yake, dada. Na yeye akalia. Akaniambia alivyokuuguza. Kwamba siku za mwisho ulikuwa huli kitu ila uji, na hukutaka uji wa mtu mwingine, mpaka aupike yeye mwenyewe na akunyweshe kwa kijiko."

Dativa alikuwa amejitayarisha kwa mahawara, kwa watoto wa nje, kwa chumba cha kupanga. Kwa hili hakuwa amejitayarisha. Gideon hakuwahi kumpikia uji. Alijikuta anamwonea wivu yule mwanamke aliyekufa, aliyenyweshwa kwa kijiko, aliyeliliwa, ambaye hata hakuwahi kuwapo.

Benigna aliondoka bila kumaliza kipindi. Hakumuaga Gideon.

Walirudi Nshambya kwa miguu, Dativa mbele, Gideon nyuma. Walipofika kwenye kilima Dativa akasimama.

"Sema."

Gideon alianza kwa shida. Alikuwa amempeleka mtoto wa jirani pale, wakati wa maandalizi ya harusi yake, akakaa kusubiri. Alipenda alichokiona. Alirudi peke yake wiki nyingine, wakamuuliza mwenzi wake yuko wapi. "Nikasema hayupo. Wakashusha sauti, Mama Violeth. Wakanipa kiti, wakanipa chai. Nikajua wamenielewa vibaya, na nikawaacha waamini hivyo. Upole wao ulikuwa mtamu. Baadaye Benigna akauliza, na mimi nikawa nimekwisha kuingia, sikujua pa kutokea."

"Ungeniambia twende wote."

"Ungekubali?"

"Hukuniuliza!"

"Nikikuuliza kitu unaniuliza kwa nini," Gideon akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda, jambo geni kabisa. "Maisha yangu yote nimekuwa mwizi ambaye hajaiba. Pale ukumbini hakuna aliyeninusa shati."

Dativa alitaka kumpiga. Alitaka pia kuketi chini, pale pale barabarani. "Baba yangu aliwaambia watu wa kisiwani kwamba mama yangu amekufa," alisema mwishowe. "Unajua hilo. Nilikusimulia wewe peke yako."

Gideon aliinamisha kichwa. Alikuwa anajua. Ndiyo maana, alisema, kila Jumamosi akipanda ile ngazi miguu ilikuwa mizito, na bado alipanda.

Dativa hakwenda kwa mchungaji wala hakumpigia Violeth simu. Alitoa sharti moja. Jumamosi iliyofuata Gideon alisimama katikati ya ukumbi ule, mbele ya kioo kinachomwonyesha mzimamzima, akasema: "Mke wangu hajafa. Ni huyu. Niliwadanganya." Mtu mmoja alikohoa. Haruni, asijue la kufanya, akawasha muziki, na kwa kuwa hakuna mwanamke aliyesogea kwa Gideon, Dativa akasogea yeye.

Waliendelea kwenda. Dativa mwenyewe alisema anakwenda kulinda mali yake, na mwanzoni ilikuwa kweli. Alicheza huku akihesabu nani anamwangalia nani. Lakini mwili una mambo yake. Siku moja alijikuta amerudi nyuma ukumbi mzima bila kugeuza kichwa, na alipogundua alishtuka akamkanyaga Gideon. Hakusema kitu. Gideon naye alijua afadhali asiseme.

Benigna alikaa muda mrefu bila kuonekana. Alirudi, akawa anacheza na wote isipokuwa Gideon. Akifika kwake alimruka, na Gideon alibaki na mikono mitupu mpaka wimbo uishe. Dativa aliyaona hayo, na hakuwaingilia.

Msimu wa harusi ulipofika, mpwa wa Gideon alioa huko Kagoma, na Benigna alialikwa upande wa bibi harusi. Baada ya chakula, watu walimsukuma Gideon na mkewe katikati ya turubai waonyeshe hayo mambo ya mjini. Walicheza valsi juu ya nyasi zilizokanyagwa, vigelegele vikipigwa, shangazi mmoja akipaza sauti kwa Kihaya kwamba wazee hawa wamerogwa. Dativa aliongozwa vizuri. Hata hivyo, juu ya bega la mumewe, aliwakagua wanawake wote wa meza za mbele, mmoja baada ya mwingine.

Walipoketi, Benigna alikuja akavuta kiti upande wa Dativa.

"Umemsamehe?" aliuliza, bila kumtazama Gideon.

"Namwangalia," Dativa akasema. "Wewe je?"

"Mimi alinidanganya nikiwa na msiba. Uongo huo ni mzito zaidi."

"Ndiyo. Ni mzito."

Muziki ukabadilika kuwa rumba. Benigna akasimama, akamnyooshea Dativa mkono. Wakabishana kidogo nani awe mwanaume, kisha Benigna, kwa urefu wake, akachukua nafasi hiyo, wakaingia kati ya watu. Gideon alibaki mezani akiwashikia mikoba yao, mmoja kila goti, na kila walipopita karibu yake hakuna kati yao aliyemtazama.