Somoe na barua za watu arobaini na mmoja

Saa mbili asubuhi, Somoe hajanywa hata chai. Yuko kwenye duka lake la steshenari, Chikongola, anapekua barua taka, zile ambazo mtambo wa baruapepe huzitilia shaka na kuzitupa pembeni. Nyuma yake amekaa Nuru, binti wa mkulima wa mihogo wa Kitaya, anayesubiri barua ya chuo cha uuguzi. Mwisho wa kuthibitisha nafasi ni leo hii, saa kumi jioni.

"Hii hapa!" Somoe anapiga kelele.

"Bonyeza basi, dada!"

"Tulia kwanza, mdogo wangu. Haraka haraka haina baraka."

Ana sababu. Watu arobaini na mmoja wa vijiji vya Kitaya na Mahurunga hawana baruapepe. Kwenye fomu zao huandika ya Somoe, kama zamani kijiji kizima kilivyotumia sanduku la posta la shule. Mwaka juzi, barua zao zilipozidi kutupwa, alichoka, akauamuru mtambo upokee kila anwani inayoishia na gmail.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Kumbe nimewafungulia mlango wageni na wezi!"

Wiki hiyohiyo ikaingia barua ya "chuo". Mzee Shafii, mmoja wa hao arobaini na mmoja, akauza mbuzi wake, akatuma ada ya mwanawe kwa matapeli.

"Nililia, nikaifuta amri ile," anasema Somoe.

Sasa anaisoma anwani ya aliyetuma barua herufi kwa herufi, akiilinganisha na iliyochapwa kwenye fomu ya Nuru. Kisha anapiga simu chuoni kwa namba ya kwenye fomu, siyo ile iliyo ndani ya barua.

"Mwizi gani atakosa kuandika namba yake mwenyewe?"

Simu haipokelewi. Mara ya pili, vilevile. Nuru anaanza kufuta machozi kwa mtandio. Mara ya nne sauti inaitika: ndiyo, barua ni yetu.

Hapo ndipo Somoe anaiingiza anwani hiyo, nzima na peke yake, kwenye orodha ya wanaoaminika. Nuru anathibitisha nafasi yake kabla ya saa nne.

"Alhamdulillahi!"

Somoe anataka wote arobaini na mmoja wawe na baruapepe zao kabla ya msimu wa korosho. Anaanza na Nuru, palepale. Binti anafika kwenye neno la siri, anasita, anamtazama.

"Dada Somoe, geukia huko. Usichungulie."

Somoe anageukia ukutani, anacheka mpaka machozi yanamtoka.