Bingwa wa Kwanza wa Pool Mikumi Siye Mnayemtaja

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Agosti, na nimetimiza miaka ishirini na saba tangu niondoke Kilosa. Admin, naomba ufiche jina langu, na mji ninaoishi usiutaje. Inatosha kusema ni mbali. Nina miaka sabini na mbili. Mke wangu alishafariki, watoto wana maisha yao. Nasoma vitabu na magazeti, na siku hizi nasoma simu.

Mwezi uliopita ukurasa mmoja wa wapenzi wa pool uliweka maswali kuhusu mabingwa wa zamani wa mashindano ya kanda yetu, yale yaliyoanzia kwenye baa moja ya Mikumi na baadaye yakawa makubwa, wachezaji wakalipwa na kuvaa fulana zenye majina mgongoni. Nani alitwaa ubingwa mara mbili mfululizo? Nani alicheza fainali akiwa na plasta mkononi? Hayo niliyajibu kimoyomoyo, yote sawa. Swali la mwisho lilikuwa: bingwa wa kwanza alikuwa nani? Watu wengi wakaandika jina la dereva mmoja wa malori ya miwa kutoka Kidodi, na ukurasa ukawapongeza. Chini kabisa mtu akaongeza: "Alimfunga yule kigugumizi wa Kilosa, aliyepiga nyeusi kabla hajamaliza kutaja shimo." Wakacheka sana.

Huyo kigugumizi ni mdogo wangu. Mama mmoja, baba tofauti, kwa hiyo majina yetu hayafanani.

Meza za pool zilifika kwetu miaka ile ya soko huria. Mimi nilikuwa karani wa stesheni, nikapunguzwa kazi. Yeye alikuwa mkata mkonge Rudewa, shamba likasimama likisubiri mnunuzi. Tukawa na muda mwingi. Kanuni ilikuwa kwamba ukifika kwenye mpira mweusi, ule wa mwisho, lazima utaje shimo kabla ya kupiga. Mdogo wangu alipiga vizuri kuliko wote, lakini neno lilikuwa halitoki. Vijana walimngoja wamekunja mikono.

"Mwacheni ataje," mmoja alisema, "mimi naenda Zombo kwa baiskeli, nikirudi nitamkuta kwenye herufi ya pili."

Mimi ndiye niliyemfundisha kuweka chaki ya kupaka fimbo ukingoni mwa meza, kwenye shimo analolitaka. Nikawaambia wote pale Kilosa kwamba chaki ikikaa, shimo limetajwa. Wakazoea. Baada ya muda hata wasio na kigugumizi wakawa wanaweka chaki.

Mashindano yalipotangazwa nilichaguliwa kuwa refa, kwa sababu nilikuwa mtu mzima na nilijua kusoma kanuni. Mwenye baa wa Mikumi aliniuliza, "Bwana refa, kuna ndugu yako anayecheza?" Nikasema hakuna. Nilikuwa nimeitwa "yule aliyepunguzwa" kwa mwaka mzima, na kuitwa refa kulinipendeza. Mdogo wangu alisikia nilivyojibu. Akaenda kujiandikisha peke yake.

Fainali ilichezwa mchana. Mdogo wangu alibakiza mpira mweusi tu. Yule dereva wa Kidodi alikuwa bado ana mipira minne mezani. Mdogo wangu akaweka chaki kwenye shimo la kona. Akanitazama, nikainamisha kichwa kuonyesha nimeona. Akapiga, mpira ukaingia palepale.

"Hakutaja," dereva akasema, bila kupandisha sauti. "Sisi kwetu tunataja kwa mdomo."

Mwenye baa akanigeukia. "Refa, umemsikia akitaja?"

Mdogo wangu akanyoosha kidole kwenye chaki. "Ch... ch... ch..."

"Mleteeni chai huyo," mtu akasema nyuma, na baa nzima ikacheka.

"Sikumsikia," nikasema.

Ilikuwa kweli. Ningeweza kuongeza kwamba chaki ilikuwa pale, na kwamba alama hiyo niliianzisha mimi. Wangeuliza niliianzisha kwa ajili ya nani, na huyo ni nani yangu. Kupiga mpira mweusi bila kutaja shimo ni kupoteza mchezo. Nikamwinua dereva mkono.

Mdogo wangu aliweka fimbo juu ya meza taratibu, akatoka. Nyumbani aliendelea kuniamkia kila asubuhi, "Shikamoo kaka," na maneno hayo mawili hayakuwahi kumkwama. Nilivumilia miezi mitatu, nikaondoka kwa kisingizio cha kutafuta kazi. Nilisikia kwamba hakucheza tena.

Wiki iliyopita binti yake alinipigia.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mama."

"Wajukuu wanamsomea babu yao yale maoni ya kwenye simu. Wanamwita bingwa wa ch-ch-ch. Nimewakataza, hawakomi. Ni kweli hakutaja?"

"Yeye anasemaje?"

"Anasema nikuulize wewe, kwa sababu refa ulikuwa wewe. Njoo useme mbele ya watu, baba mkubwa. Hali yake si nzuri, hata kutembea ni kwa kushikwa."

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata. Kisha nikaosha vyombo. Nilitegemea nitajisikia vibaya, lakini sikujisikia kitu, na ndivyo nilivyo hadi leo.

Ninyi mnaosoma, wengi ni wadogo kwangu, lakini naomba mnisaidie mawazo. Je, niandike chini ya lile swali, kwa jina langu kamili, kwamba bingwa wa kwanza alikuwa mdogo wangu na refa aliyemnyima alikuwa kaka yake? Au nitakuwa nimeifichua siri aliyonifichia miaka yote hii, tena akiwa kitandani? Lipi litamtendea haki yeye, si mimi? Mkisema niandike, nitaandika kesho.

Kuhusu kwenda Kilosa msinishauri. Sitarudi.