Jirani Aliyeogopa Kunipiga

Mie nauza magari Wattaya, na mtu aliyeshinda kutwa akibembeleza watu wanunue, akirudi nyumbani anataka wali na usingizi, basi. Wali niliupata. Usingizi ulikatizwa kila alasiri na ukuta wa ua wangu hapa Ansab, Maskati. Dii! Kimya. Dii! Siku moja nikajitupia mtandio kichwani, maneno yangu yote nimeshayapanga mdomoni, nikaenda kugonga kwa jirani.

Akafungua mwanamume mrefu, jasho linamtiririka, mkononi mpira mdogo mweupe, mgumu. Mtu wa Meksiko. Mkewe anafundisha skuli moja ya Madinat Sultan Qaboos, naye kamfuata. Aliniomba radhi mpaka mie ndiye nikaona haya. Akanionesha godoro aliloliegemeza ukutani, kalichora mraba mwekundu katikati, na kila akitupa, mpira unaingia mle mle ndani ya mraba. Kumbe kwao hiyo ni kazi. Ni mtupaji wa besiboli, na mshahara anapewa.

"Mshahara wa kutupa mpira?" akauliza shangazi nilipomhadithia. Shangazi yangu naishi naye. Kazaliwa Unguja, kakulia Unguja, na usichana wake ulikwisha katika nage. Kwa asiyeijua, nage ni mchezo wa wasichana: mmoja anasimama kati, wawili wanamtupia mpira kutoka huku na huku, na yeye anakwepa. Ukipigwa, umetoka. Hata mie nimeucheza, hapa hapa Maskati, kwa mpira wa matambara, na mwalimu wangu alikuwa yeye na makelele yake.

Ijumaa tukaenda kumtazama kwenye uwanja mmoja wa vumbi, ambako wageni wa nchi mbalimbali hukutana kucheza besiboli yao. Mtu akasimama na gongo lake, jirani yetu akatupa. Mpira ukapita mbali kabisa na yule mtu. Wa pili ukapita juu. Wa tatu ukaangukia kwenye magari.

"Kamkosa tena!" shangazi akapiga makofi. "Mtu kasimama tu, hata hakwepi, na bado hampati! Na huyu ndiye analipwa? Wallahi mie nnadai mshahara wangu wa tangu usichana."

Nikamweleza kwamba hatakiwi kumpiga yule mtu. Anatakiwa kuupitisha mpira mbele yake. Shangazi akanitazama kwa huruma. "Sasa yule kawekwa pale kwa kazi gani?"

Nikacheka mpaka machozi, halafu nikauona uso wa jirani, kicheko kikanikauka. Tulipokuwa tunamrudisha nyumbani kwa gari langu, alitwambia. Msimu wake wa mwisho huko kwao alimpiga mchezaji mmoja mpira wa taya. Mtu akaanguka, akabebwa kwa machela. Alipona, na mpaka leo anacheza. Asiyepona ni huyu wetu. Akiwa na godoro, mkono unamtii. Mtu akisimama tu, mkono unakimbilia kwengine. Na timu yake ya zamani imemwita mwezi ujao akajaribiwe kwa mara ya mwisho. Akishindwa, hawamwiti tena.

"Tangu mtoto sijasomea kitu kingine," alisema kwa Kiingereza, nami nikamfasiria shangazi. "Nisipokuwa mtupaji, sijui mimi ni nani."

Tulipofika shangazi akasema, "Kesho tunakwenda uani kwake. Utasimama wewe."

"Mie?"

"Mie magoti yamekwisha. Wewe kimekwisha nini?"

Basi kesho yake nikasimama kando ya ule mraba, na dera langu, mto wa kochi nimefungwa kiunoni kwa kanga, na ile kofia yao ngumu juu ya mtandio. Wateja wangu wangeniona nisingeuza hata tairi. Mke wa jirani alicheka hadi akakaa chini. Mwenyewe alikataa katakata, mpaka shangazi akamtilia mkononi mpira wa tenisi. Akatupa, ukagonga tangi la maji. Akatupa tena, ukavunja chungu cha mrehani.

"Mwambie akupige wewe!" shangazi akafoka kutoka kitini. "Akulenge wewe khasa!"

Nikamwambia. Akalenga, nikakwepa. Na mwili wote huu, nikakwepa! Akatupa kwa hasira, nikakwepa, nikamzomea. Siku ya pili, ya tatu, alikuwa akicheka, na hata akilenga mraba, mpira wa tenisi unaingia. Lakini siku moja akaketi, akasema huu ni mchezo wa watoto, kule watampa ule mgumu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia, "Basi ulete huo mgumu."

Mkewe akaacha kucheka.

Alilenga mraba, si mimi. Nikauona unanijia, nikataka kukwepa, mguu ukanasa kwenye dera. Ukanipiga paja, chini kidogo tu ya mto. Yarabi, nilipiga ukelele, nikaanguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa, jirani alikuwa kachuchumaa, kajifunika uso kwa mikono. "Nimekwisha," alikuwa akisema. "Nimekwisha, nimekwisha."

Hapo nikapandwa na hasira nisizowahi kuwa nazo hata kwa mteja. Ina maana paja langu limeumia bure? Nikainuka. Nikauokota mpira, nikamwendea nachechemea, nikamsimamia pale pale mbele.

"Nitazame! Nimesimama, sikusimama?"

Hakuondoa mikono usoni.

"Nakuuliza wewe!"

"Umesimama," akasema. Halafu akauliza polepole, "Inauma?"

"Inauma sana, na kesho sitakalia kiti. Tupa."

Nikamtia mpira mkononi, nikarudi mahali pangu. Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo, paja linanipwita na miguu inataka kwenda zake. Akainuka, akauzungusha mpira vidoleni. Kisha akatupa, na mpira ukapita mbele ya tumbo langu, nikausikia upepo wake kwenye dera. Sikugeuka kutazama umeingia wapi. Nilikuwa namtazama yeye, naye alikuwa kakodolea macho pale katikati ya mraba. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule wenye glavu ya kudakia, anaomba mpira mwingine.